Dola 1.99 ya kuletewa chakula: ada zinajificha kwenye skrini ipi, na sheria inazifuata hadi wapi

Tuanze na risiti. Ni ya mfano tu, lakini namba zake ni za kawaida kwa mtu anayeagiza chakula kwa programu ya simu katika jiji la Marekani. Sahani mbili za dola 14 kila moja, dola 28. Ada ya kuletewa, 1.99. Ada ya huduma, asilimia 15 ya bei ya chakula, 4.20. Ada ya “kutii masharti ya jiji”, 2.00. Kodi ya mauzo ya asilimia 8, tukiihesabu kwa chakula peke yake, 2.24. Bakshishi ya dereva, 5.00. Jumla dola 43.43.

Mteja huyohuyo angetembea hadi mgahawani, sahani ile ingemgharimu dola 12. Mbili ni 24, na kodi inafikisha 25.92. Tofauti ni dola 17.51. Toa bakshishi, ambayo ni hiari yake, inabaki 12.51. Hiyo ndiyo gharama halisi ya chakula kumfuata nyumbani. Ukurasa wa kwanza wa programu ulimwambia 1.99.

Ukiangalia mstari mmoja mmoja, hutapata uongo. Karibu kila namba ilionekana mahali fulani kabla ya mteja kubonyeza kitufe cha kulipa. Iliyokosa kuonekana ni moja tu: zile dola 4 zilizoingizwa ndani ya bei ya sahani. Kwa hiyo ugomvi wa uwazi wa ada hauhusu sana kama ada ipo au haipo. Unahusu skrini: namba hii itokee kwenye orodha ya migahawa, kwenye menyu, kwenye kikapu, au kwenye ukurasa wa malipo wakati mtu keshachagua, njaa inamuuma na kidole kiko juu ya kitufe? Sheria zilizotungwa katika miaka ya karibuni, Marekani na Uingereza, ni majibu tofauti ya swali hilo moja.

Kila mstari unatoka wapi

Ada ya kuletewa ndiyo maarufu, na mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote. Hupanda na kushuka kwa umbali, mvua, saa za foleni na idadi ya madereva walio barabarani. Watu wengi hudhani ndiyo malipo ya dereva. Si lazima iwe hivyo. Kwenye programu kubwa, malipo ya dereva huhesabiwa kwa utaratibu wake, na ada ya kuletewa inaingia kwenye mapato ya kampuni kama ada nyingine yoyote. Ndiyo sababu “kuletewa bure” haimaanishi dereva amefanya kazi bure, wala haimaanishi wewe hujalipia safari.

Ada ya huduma ndiyo inayobeba mzigo. Kwa kawaida ni asilimia ya bei ya chakula, yenye kiwango cha chini na cha juu. Hapo pana mtego wa hesabu. Ukiongeza soda ya dola 3 kwenye kikapu, ada inapanda senti 45 kwa asilimia 15, ingawa soda haimwongezei dereva hata mita moja ya safari. Na agizo likiwa dogo, kile kiwango cha chini kinafanya kazi: asilimia 15 ya dola 8 ni 1.20, lakini kama kiwango cha chini ni dola 3, utalipa 3, yaani zaidi ya theluthi moja ya bei ya chakula. Juu yake huja ada ya agizo dogo, kwa sababu kikapu hakijafika kiasi ambacho programu imekiweka.

Kisha kuna namba isiyo na mstari wake kwenye risiti: nyongeza ndani ya menyu. Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo mteja na mwenye mgahawa wanapogombana bila sababu.

Mgahawa hulipa kamisheni kwa programu. Mwaka 2021 DoorDash, programu kubwa ya kupeleka chakula, ilitangaza mipango mitatu kwa migahawa ya Marekani: asilimia 15, 25 na 30, na kadiri kamisheni inavyokuwa kubwa ndivyo mgahawa unavyoonekana na wateja wengi zaidi na ada ya kuletewa upande wa mteja inavyopungua. Sasa fanya hesabu ya mwenye mgahawa aliye kwenye asilimia 25. Anataka abaki na dola 24 alizozoea kupata dirishani. Wengi hukosea kwa kuongeza asilimia 25: 24 inakuwa 30. Programu inakata robo ya 30, anabaki na 22.50. Kamisheni hukatwa kwenye bei mpya, si ya zamani. Ili abaki na 24 inabidi agawanye kwa 0.75, apate 32. Nyongeza ya kweli ni theluthi moja. Katika risiti yetu ameuza kwa 28, akakatwa 7, akabaki na 21. Kwa hiyo mteja amelipa dola 4 zaidi na mwenye mgahawa amepata dola 3 pungufu kwenye sahani zilezile. Wote wawili wana haki ya kulalamika, ila si mmoja dhidi ya mwenzake.

Kwa nini ada hupasuliwa vipande

Mteja hupanga migahawa kwa macho, na macho yanatafuta namba ndogo. Programu inayoandika “12.51” kwenye orodha itaonekana ghali mbele ya jirani yake aliyeandika “1.99”, hata kama mwisho wa safari jirani ndiye ghali. Kwa hiyo kampuni inayotaka kuwa mkweli peke yake inajiumiza. Huu si utetezi wa kampuni hizo, lakini unaeleza kwa nini kuzisihi ziwe wazi kwa hiari hakujafika mbali. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa anayejaza kibaba ni mteja, tone baada ya tone, skrini baada ya skrini.

Kesi inayoonyesha utaratibu huu kwa ukamilifu ni ya Grubhub, programu nyingine ya kupeleka chakula. Tarehe 17 Desemba 2024, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, pamoja na mwanasheria mkuu wa jimbo la Illinois, walitangaza makubaliano na kampuni hiyo. Walidai kwamba ilitangaza ada ndogo ya kuletewa, kisha ikarudisha gharama ileile kwa jina la ada ya huduma au ada ya agizo dogo, na kwamba hata waliojiunga na uanachama wa “kuletewa bure” waliendelea kutozwa. Walidai pia kwamba iliorodhesha migahawa hadi 325,000 ambayo haikuwa na mkataba nayo. Hukumu iliandikwa dola milioni 140, lakini kwa kuwa kampuni haikuwa na uwezo wa kulipa zote, ikatakiwa kutoa milioni 25. Cha maana zaidi kuliko fedha ni sharti: lazima ionyeshe gharama kamili ya kuletewa.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2025, ikawa zamu ya Instacart, ambayo hupeleka zaidi bidhaa za dukani. Ilikubali kurudisha dola milioni 60 kwa wateja. Dai kuu lilifanana: tangazo la kuletewa bure, huku ada ya huduma ya lazima, iliyoweza kufika asilimia 15, ikibaki palepale. Weka kesi hizi mbili pamoja uone msimamo wa FTC: kama mteja hawezi kupata chakula bila kulipa ada fulani, basi ada hiyo ni sehemu ya gharama ya kuletewa, uiite jina lolote.

Ila angalia njia iliyotumika. Katika kesi zote mbili chombo kilikuwa sheria ya jumla dhidi ya udanganyifu, na hiyo hufanya kazi baada ya wateja kuumia. FTC ina kanuni maalumu dhidi ya ada za kushtukiza, iliyokamilishwa Desemba 2024 na kuanza Mei 12, 2025. Wengi wanaosikia habari zake hudhani inawalinda wanapoagiza chakula. Haiwalindi. Mwishowe kanuni hiyo ilibanwa ikabaki kwenye tiketi za burudani na michezo pamoja na malazi ya muda mfupi. Chakula kikaachiwa majimbo na majiji.

Majibu ya majimbo hayalingani

Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi, lilichagua kutaja skrini zenyewe. Tangu Januari 1, 2025, biashara kwa ujumla inatakiwa kutangaza bei yenye ada zote za lazima ndani yake. Programu za kupeleka chakula zilipewa utaratibu wa hatua mbili. Hatua ya kwanza: mteja anapoangalia na kuchagua mgahawa au chakula, aambiwe waziwazi kwamba kuna ada ya kiasi fulani au asilimia fulani juu ya bei. Ya pili: akishachagua, na kabla hajafika kwenye malipo, aonyeshwe ukurasa unaotenganisha bei ya chakula na ada.

Kwa nini zisilazimishwe kuandika jumla kamili tangu mwanzo? Kwa sababu wakati mteja anaangalia picha ya pilau, programu haijajua ataagiza sahani ngapi, na ada ya asilimia haina kiasi mpaka kikapu kiwe na kitu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa ada ya asilimia. Kwa ada isiyobadilika ni dhaifu sana: kama kila agizo la jiji hilo linaongezewa dola 2, basi dola 2 hizo zinajulikana kabla programu haijafunguliwa.

California ilianza na risiti. Sheria inayoitwa AB 286, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, inakataza programu kumtoza mteja bei ya chakula iliyo juu kuliko ile iliyowekwa na mgahawa kwenye programu hiyo. Inakataza pia kubakiza sehemu yoyote ya bakshishi, na inataka kila muamala uwe na mchanganuo: bei ya chakula, kila ada anayotozwa mteja, bakshishi, pamoja na kuonyesha kwamba mgahawa nao unatozwa. Soma tena sharti la kwanza. Haisemi bei ya programu ilingane na bei ya dirishani. Inasema programu isiongeze juu ya kile mgahawa umekiweka. Mgahawa wenyewe unaruhusiwa kuweka 14 mahali pa 12, na dola 4 za risiti yetu zinapita salama.

Jimbo hilohilo lina sheria pana ya bei za kweli, SB 478, iliyoanza Julai 1, 2024. Siku chache kabla ya tarehe hiyo, Juni 29, sheria nyingine, SB 1524, ilisainiwa ili kuitoa migahawa kwenye sharti la bei moja, mradi ada zao zionyeshwe waziwazi. Tukio hilo ni dogo lakini linafundisha jinsi mambo yanavyokwenda: sheria ya bei hupigwa vita hadi dakika za mwisho na kila sekta yenye ada ya kulinda.

New York, jiji, lilifuata njia nyingine kabisa. Badala ya kuuliza ada ionyeshwe wapi, liliweka kikomo kwa kile programu inachoweza kuutoza mgahawa. Kikomo kilianza kama hatua ya dharura mwaka 2020, kikafanywa cha kudumu 2021: asilimia 15 kwa kupeleka chakula, 5 kwa huduma nyingine kama kuorodheshwa, na 3 kwa gharama za malipo ya kadi. DoorDash, Grubhub na Uber Eats zikaenda mahakamani. Ugomvi uliisha 2025 baada ya Baraza la Jiji kuruhusu hadi asilimia 20 nyingine kwa huduma za ziada ambazo mgahawa unazichagua wenyewe, hivyo dari ya juu kabisa ikawa 43.

Hesabu ile ya kugawanya inaonyesha faida ya kikomo. Kwa kamisheni ya 15 peke yake, mgahawa unaotaka kubaki na 24 unauza kwa 28.24 badala ya 32. Lakini kikomo hakifuti gharama. Programu iliyobanwa upande wa mgahawa huangalia upande wa mteja, na huko ndiko mistari mipya kwenye risiti huzaliwa.

Ada zenye sura ya kodi

Mstari wa dola 2.00 kwenye mfano wetu una historia. Novemba 2020 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 22, lililowaacha madereva wa programu kuwa wakandarasi, si waajiriwa, huku likiwapa baadhi ya mafao. Baada ya hapo risiti zikaanza kubeba ada ya mafao ya madereva. Seattle ilipoanza kutekeleza kiwango cha chini cha malipo kwa wafanyakazi wa programu, Januari 13, 2024, DoorDash na Uber Eats ziliongeza takriban dola 5 kwa kila agizo la jiji hilo, kwa majina yanayotaja kanuni za serikali.

Gharama ya kumlipa dereva vizuri ni gharama ya kweli, na kampuni ina haki ya kuipeleka kwenye bei. Shida iko kwenye jina. Mteja anaposoma neno “kanuni” au jina la jiji kando ya namba, anaamini fedha zinakwenda halmashauri. Haziendi. Ni mapato ya kampuni, na ni kampuni iliyoamua kiasi. Alama ya kutofautisha ni rahisi: kodi ya kweli huwa na kiwango kilichowekwa na serikali na hulingana kwenye programu zote za mji huo kwa chakula kilekile. Kama programu mbili za mji mmoja zinatoza “ada ya kanuni” tofauti, au moja haitozi kabisa, hiyo si kodi.

Bakshishi, mstari ulio tofauti

Bakshishi haimo kwenye sheria nyingi za bei kwa sababu si ya lazima. Hata hivyo ndiyo ilizaa kesi chungu kuliko zote. Februari 2025 DoorDash ilikubali kulipa dola milioni 16.75 katika makubaliano na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, kuhusu utaratibu uliotumika kati ya Mei 2017 na Septemba 2019. Utaratibu ulikuwa hivi: dereva aliahidiwa kiasi cha uhakika kwa safari, tuseme dola 7. Mteja akitoa bakshishi ya dola 3, kampuni iliongeza 4 kufikisha 7. Bila bakshishi, kampuni ingetoa 7 yote. Mfuko wa dereva haukuongezeka hata senti. Aliyepewa bakshishi, kwa hesabu, ni kampuni.

Tangu Januari 2022 programu zilizo jijini New York hutakiwa kueleza bakshishi inavyomfikia mpelekaji. Kisha ukaja mgogoro wa pili. Desemba 2023 kiwango cha chini cha malipo kwa wapelekaji wa jiji hilo kilipoanza kutekelezwa, kwa dola 17.96 kwa saa (kilifika 21.44 Aprili 2025), baadhi ya programu zilihamisha sehemu ya bakshishi hadi baada ya agizo kukamilika. Bakshishi zikapungua. Julai 2025 Baraza likapitisha sheria ya kuirudisha kwenye ukurasa wa malipo au kabla yake, kuanzia Januari 26, 2026. Nguvu ya skrini inajionyesha hapa kwa upande wa pili: kitu kilekile, kiasi kilekile, kimesogezwa ukurasa mmoja mbele, na tabia ya watu ikabadilika.

Uingereza: bei nzima kwanza

Waingereza walichukua mkondo mkali zaidi. Sheria yao ya masoko ya kidijitali, ushindani na walaji ya 2024, kwa upande wa bei, ilianza kutumika Aprili 6, 2025. Msingi wake unaeleweka haraka: unapomwalika mtu anunue, bei unayomwonyesha lazima iwe na kila ada asiyoweza kuikwepa. Kama ada haiwezi kuhesabiwa mapema, tuseme kwa sababu anwani haijajulikana, lazima ueleze itakavyohesabiwa, na maelezo hayo yaonekane sawa na bei yenyewe, yasifichwe chini kwa herufi za mchwa. Mamlaka ya ushindani, CMA, inaweza kuamua yenyewe bila kwenda mahakamani kwanza, na faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya kampuni duniani kote.

Kwa chakula maana yake ni hii. Programu ambayo tayari ina anwani yako haiwezi kujitetea kwamba haijui ada ya kuletewa. Asilimia ya huduma na kiwango chake cha chini vinajulikana siku zote, kwa hiyo vinapaswa kusemwa palepale bei ilipo. Kinachobaki na ubishi ni ada moja kwa agizo zima, kwa kuwa haigawanyiki kirahisi kwa kila sahani. Hiyo huonyeshwa vizuri zaidi juu ya menyu, karibu na jina la mgahawa, kuliko ndani ya bei ya kila chakula.

Nyongeza ya menyu: tundu ambalo sheria nyingi hazijaliziba

Kati ya waliojaribu kuligusa, Afrika Kusini inastahili kutajwa. Tume ya Ushindani ya huko ilitoa ripoti ya mwisho ya uchunguzi wake wa majukwaa ya mtandaoni mwishoni mwa Julai 2023. Upande wa chakula ilitazama Uber Eats na Mr D Food, ikaona kwamba wateja hawafahamu kuwa bei za menyu za mtandaoni zimeongezwa ili kufidia kamisheni, na ikataka wafahamishwe kwamba bei hizo zinaweza kutofautiana na za mgahawani.

Taarifa ya “bei zinaweza kutofautiana” ni hafifu, tukubali. Haimwambii mtu kama tofauti ni asilimia 5 au 33. Ila kumlazimisha mwenye mgahawa aandike bei zote mbili kunaleta shida yake: menyu ya dirishani hubadilika, mgahawa una matawi, na nani atakagua? Njia yenye nguvu zaidi ni kuondoa vipengele vya mkataba vinavyomzuia mwenye mgahawa kuuza kwa bei nafuu kwa simu yake au tovuti yake. Akiwa huru, tofauti inajitangaza yenyewe kwenye bango la mlangoni.

Jambo jingine linalokuja kwa kasi ni bei inayopangwa kwa taarifa za mteja mwenyewe. Tangu Novemba 2025 jimbo la New York linawataka wafanyabiashara wanaotumia algorithimu (hesabu za kompyuta) na taarifa binafsi kupanga bei waandike hivyo kando ya bei. Hapo hata kulinganisha risiti yako na ya jirani hakutoshi, maana huenda hamkuwa mnaonyeshwa bei moja tangu awali.

Afrika Mashariki imeshika upande upi

Nairobi na Kampala zinajua mchezo huu vizuri: Glovo ipo katika miji yote miwili, na Jumia Food ilikuwapo hadi ilipofunga huduma zake mwishoni mwa 2023. Mahali ambapo wadhibiti wa kanda yetu wameingilia bei za programu ni usafiri wa abiria zaidi kuliko chakula, nako waligusa kamisheni. Kanuni za Kenya za 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kile kampuni inachokata kwa dereva wa teksi za mtandao. Tanzania, mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliweka 15 mwaka 2022, Uber ikasimamisha huduma Aprili mwaka huo, kikomo kikapandishwa hadi 25, na Uber ikarudi Januari 2023. Ni mkondo wa New York, si wa Uingereza: unamlinda anayekatwa, haumwonyeshi anayelipa.

Kwa mlaji, Kenya ina silaha za jumla ambazo hazitaji programu za chakula kwa jina. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya 2012 ina sehemu kuhusu mikataba ya intaneti, inayotaka muuzaji atoe taarifa kabla ya mkataba na ampe mteja nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha, na anayesikiliza ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Tanzania Bara, Tume ya Ushindani hufanya kazi kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha wateja. Hoja ya FTC katika kesi ya Grubhub ingeweza kutumika chini ya sheria hizi bila kungoja kanuni mpya: tangazo la “kuletewa bure” lenye ada ya lazima nyuma yake ni maelezo ya kupotosha kwa lugha yoyote.

Kulinganisha, na kudai ukikosewa

Usilinganishe programu kwa ukurasa wa kwanza. Weka kikapu kilekile kwenye programu mbili, anwani ileile, dakika zilezile, fika hadi skrini ya mwisho kabla ya kulipa, futa bakshishi iliyowekwa tayari, kisha toa bei ya mgahawani (piga simu au angalia menyu yao wenyewe). Kinachobaki ndicho unacholipia kuletewa. Rudia ukichagua kujichukulia mwenyewe: mara nyingi ada ya kuletewa na ya huduma hupungua au kutoweka, lakini nyongeza ya menyu hubaki, na hapo utaijua ukubwa wake.

Angalia kuponi inahesabiwa juu ya nini. “Punguzo la asilimia 40” huwa na kikomo cha fedha na kiwango cha chini cha kikapu, na ada ya huduma inaweza kukokotolewa kwenye bei kabla ya punguzo. Uanachama wa mwezi nao una kiwango cha chini cha agizo. Ukishuka chini yake, ada ya kuletewa inarudi kimya kimya. Na kabla ya kujiunga tafuta mlango wa kutokea. FTC ilipoishtaki Uber Aprili 2025 kuhusu uanachama wa Uber One, ilidai kwamba kujitoa kungeweza kumpitisha mtu kwenye skrini 23 na hatua 32.

Chakula kikija pungufu, hesabu ya kurudishiwa ndipo wengi hupoteza. Sahani ya dola 14 ikikosekana, haki yako si dola 14 tu: kuna kodi yake, 1.12, na asilimia 15 ya ada ya huduma iliyotozwa juu yake, 2.10. Jumla 17.22. Programu ikirudisha 14, taja mistari miwili iliyobaki kwa namba zake. Kama wanakupa salio la ndani ya programu badala ya fedha, jibu kwa maandishi kwamba unataka zirudi ulikozitoa.

Ushahidi unaofaa ni picha mbili za skrini: ile ya tangazo au orodha yenye ada ndogo, na ile ya malipo ya mwisho, zote zikionyesha saa. Risiti peke yake haitoshi, kwa kuwa inaonyesha ulicholipa bila kuonyesha ulichoahidiwa. Picha ya kwanza ndiyo watu husahau kupiga, na baada ya agizo kukamilika ukurasa ule haurudi tena.